Unga wa chuma na mrututu: hesabu yasema 1.59, mizani yasema 1.56, mbona sumaku yavuta?

MezaYaMaabara (Tudor, Mombasa)

Asalaam aleikum, jamaa wa kemia. Nisaidieni na jaribio la kidato cha tatu, lile la chuma kufukuza shaba kwenye chumvi yake.

Vipimo ni hivi: unga wa chuma 1.40 g, mrututu (salfeti ya shaba, CuSO4) 5.00 g (fuwele za buluu kama zilivyotoka kwenye mkebe), maji 100 ml. Mrututu umeyeyushwa kwanza, chuma kikamwagwa ndani, kikakorogwa kama robo saa. Kisha kuchuja, kuosha kwa maji mara moja, kukausha kwenye kibakuli juu ya moto, kupima.

Ubaoni iliandikwa (moli ni kipimo cha idadi ya chembe, gramu ukigawanya kwa uzito wa moli moja):

Fe + CuSO4 → FeSO4 + Cu
Chuma: 1.40 ÷ 56 = moli 0.025
Mrututu: 5.00 ÷ 159.5 = moli 0.0313
Chuma ndicho kichache, basi shaba = 0.025 × 63.5 = 1.59 g

Vikundi vinne vimepata 1.56, 1.54, 1.57 na 1.58. Kwa macho ni matokeo mazuri mno, hakuna wa kulalamika. Lakini wanafunzi wawili wameshika mambo yasiyoingia akilini. La kwanza, maji yaliyochujwa hayana buluu hata kidogo, ni kijani cha kufifia sana. Kama mrututu ulikuwa mwingi kuliko chuma, buluu imekwenda wapi? La pili, sumaku ikipitishwa chini ya karatasi, sehemu ya ule unga mwekundu yaifuata. Shaba haishikwi na sumaku. La tatu ni langu mimi: unga wa kikundi cha nne umepiga weusi.

Nani aliyekosea, bao au mizani?

---

Ummu_Moli

Wa aleikum salaam, mwalimu. Bao ndilo lililokosea, na mizani imekudanganya kwa bahati mbaya tu. Wale wanafunzi wawili wape alama zao.

Kosa liko kwenye 159.5. Huo ni uzito wa moli moja ya CuSO4 kavu, ule unga mweupe. Fuwele za buluu zina maji ndani yake, molekuli tano kwa kila moja ya chumvi: CuSO4·5H2O. Jumlisha tena: 63.5 + 32 + 64 + 90 = 249.5. Yaani katika kila gramu 5.00 unayopima, gramu 1.80 hivi ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na chumvi yenyewe ni 3.20 tu. Mkebe ukiguswa ni mkavu kabisa, ndiyo sababu watu husahau.

Sasa anza upya:

Mrututu: 5.00 ÷ 249.5 = moli 0.0200
Chuma: 1.40 ÷ 56 = moli 0.0250

Mrututu ndio unaokwisha kwanza. Shaba inayotoka ni 0.0200 × 63.5 = 1.27 g. Chuma kilicholiwa ni 0.0200 × 56 = 1.12 g. Kilichobaki bila kazi ni 1.40 − 1.12 = 0.28 g, na hicho hakiendi popote, kinakaa kwenye karatasi ya kuchujia pamoja na shaba.

1.27 + 0.28 = 1.55 g.

Hiyo ndiyo 1.54, 1.56 na 1.57 yako. Vikundi vyako vimepima shaba na chuma pamoja, na jumla yake ikaangukia karibu na jibu la hesabu isiyo sahihi. Ungetumia chuma 2.00 g, mabaki yangekuwa 2.15 g hivi, na kosa lingejulikana siku ileile.

Buluu imekwisha kwa sababu shaba yote imetoka majini. Kama hesabu ya ubaoni ingekuwa kweli, zingebaki moli 0.0063 za mrututu katika 100 ml, na hiyo ni buluu ya kuonekana bila kukodoa macho. Kijani cha kufifia ni FeSO4. Sumaku nayo imevuta chuma kilichosalia.

Ukitaka kujihakikishia, pima pande mbili za mlinganyo kwa moli 0.0200: kinachoingia ni chuma 1.12 na CuSO4 3.19, jumla 4.31. Kinachotoka ni shaba 1.27 na FeSO4 (152 × 0.0200) 3.04, jumla 4.31. Maji ya fuwele yamejiunga na maji ya bika, hayahesabiwi popote.

Jambo moja la kuwashikisha: gramu hazilinganishwi. Mtu akiona 5.00 na 1.40 husema "mrututu ndio mwingi", na huko ndiko anakopotelea. Geuza vyote viwili kuwa moli, gawanya kila kimoja kwa namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo, kisha ndipo uulize kipi kichache.

---

Chujio

Bi Ummu kamaliza la kwanza na la pili. Mimi nachukua la tatu, weusi wa kikundi cha nne, kwa sababu pale pana mtego wa pili unaofanana na wa kwanza kama mapacha.

Shaba ya unga, tena yenye unyevu, ukiikausha juu ya moto wazi hushika oksijeni na kuwa CuO, nyeusi. Kila 63.5 g inakuwa 79.5 g, ongezeko la robo nzima. Chukua hiyo moli 0.0200 yote igeuke: 0.0200 × 79.5 = 1.59 g. Umeona? Hata mwanafunzi aliyeondoa chuma chote vizuri kisha akaiunguza shaba yake mpaka ikawa nyeusi tititi, mizani itampa 1.59 ileile ya ubaoni. Kwa vipimo hivi mlivyochagua, makosa mawili tofauti yanakuja kukaa kwenye kiti kimoja.

Kikundi cha nne hakikufika huko, kilianza njia tu. 1.58 ni 1.55 na kipande kidogo cha oksidi. Na chuma kilichobaki nacho chaweza kupata kutu kikiachwa chepechepe usiku kucha kwa hewa hii yetu ya bahari: 0.28 g ikigeuka Fe2O3 yote inakuwa 0.40 g. Kwa hiyo unga uliolala mezani hadi kesho yake haupimwi, unatupwa.

Dawa ni kutoa chuma kabla ya kukausha, na kukausha bila moto wazi.

Baada ya robo saa ya kukoroga, acha unga utulie chini ya bika. Mwaga maji ya juu polepole, usichuje bado. Tia asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, 25 ml. Kwa chuma 0.28 g, yaani moli 0.005, asidi inayohitajika ni moli 0.010, sawa na 10 ml, ile ziada ni ya kuharakisha. Utaona vipovu: ni haidrojeni, 120 ml hivi kwa joto la chumbani, basi moto wowote ule uwe mbali na madirisha yawe wazi. Koroga mara kwa mara. Vipovu vikikata na sumaku ikipitishwa nje ya bika isipate cha kuvuta, chuma kimekwisha. Shaba haiguswi na asidi hii. Lakini msichanganye chupa mkatia ya nitriki, maana hiyo huila shaba na kutoa moshi wa rangi ya kahawia wenye sumu.

Halafu osha kwa maji mara tatu, kila mara 20 ml hivi, ukiacha unga utulie kabla ya kumwaga. Mara moja haitoshi. Tone la FeSO4 lililobaki likikauka ni chumvi inayoongeza uzito. Baada ya hapo osha na spiriti mara mbili, chuja kwa karatasi uliyoipima ikiwa kavu, kausha juu ya bika la maji yanayochemka au mahali penye joto lisilozidi la mkono kuvumilia. Spiriti inawaka, kwa hiyo zima kichomeo kwanza ndipo ufungue chupa yake. Pima, kausha dakika kumi, pima tena. Namba mbili zikilingana ndipo unaandika.

---

MezaYaMaabara

Ahsanteni sana, nimefuta ubao. Maswali mawili yamebaki.

Moja: kwa nini nisiongeze tu mrututu ili chuma kiishe chote, nikaepukana na asidi? Nimeona chuma 1.12 g na mrututu 6.24 g. Hiyo ni moli 0.020 kwa 0.025.

Mbili: maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Yana neno?

---

Pwani_Kemia

Mwalimu, hesabu yako ya moja iko sawa, na vitabu vingi hufanya hivyo hivyo: chuma kidogo, mrututu wa kutosha, buluu ibaki mwisho kama ushahidi kwamba chuma kimekwisha. Mimi naiunga mkono. Darasa la vikundi kumi, kila kimoja na 25 ml za asidi na haidrojeni ikipanda, si raha.

Ila hakikisha unga ni laini na maji yana joto la 50 hadi 60 °C. Shaba hujenga ganda juu ya kila punje ya chuma, na ganda likiwa zito punje ya ndani haifikiwi tena na mrututu. Ukitumia misumari badala ya unga, hilo ndilo linalokupata: nje nyekundu, ndani chuma kizima.

Misumari ina njia yake nyingine ya hesabu, na ni nzuri ukiwa na mizani ya desimali tatu. Kila moli moja ya chuma inayoondoka (56) hupokewa na moli moja ya shaba (63.5), kwa hiyo msumari huongezeka 7.5 g kwa kila moli. Ukiongezeka 0.030 g, basi zimebadilishana moli 0.004: shaba iliyoshika ni 0.254 g na chuma kilichotoka ni 0.224 g. Lakini ganda lisidondoke, na msumari usiwe wa kuezekea mabati. Huo umepakwa zinki, na zinki hutangulia kabla ya chuma. Zinki ni 65.4, shaba 63.5, hivyo msumari *hupungua* 1.9 g kwa moli badala ya kuongezeka. Mwanafunzi anayeona uzito ukishuka ataapa kwamba mizani ni mbovu.

Kuhusu maji: yana neno. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, yana bikaboneti nyingi. Mrututu ukiyeyushwa humo hufanya ukungu wa buluu ya kijani, hiyo ni kaboneti ya shaba ikijitenga, na shaba hiyo imetoka kwenye hesabu yako kabla chuma hakijaingia. Tena chuma kilichomo majini hugeuka kahawia haraka na kuchafua unga. Nunueni maji ya betri, yale yaliyotoneshwa. Soma kibandiko vizuri, maana dukani hukaa rafu moja na *asidi* ya betri.

---

Ummu_Moli

Pwani_Kemia, kwa heshima zote, kwenye la chuma kidogo sikubaliani nawe, angalau kwa hapa kwetu.

Kinachokwisha kwanza ndicho kinachobeba hesabu yote. Kwa hiyo kiwe kile unachokiamini usafi wake. Fuwele za mrututu za maabara zikiwa buluu kamili, hazijapauka, wazijua: ni 249.5 na basi. Unyevu wa Mombasa hauziachi zikauke. Unga wa chuma je? Mkebe ukifunguliwa miezi miwili karibu na bahari, umeshapata kutu. Tuseme kutu ni sehemu moja kwa kumi. Katika 1.12 g, chuma halisi ni 1.008 g, moli 0.018, na shaba inayotoka ni 1.14 badala ya 1.27. Kutu haifukuzi shaba, inakaa tu, kisha inapimwa pamoja nayo: 1.14 + 0.11 = 1.25. Tumerudi palepale, namba nzuri yenye uongo ndani.

Chuma kikiwa ndicho cha ziada, kutu ya moja kwa kumi haidhuru. 1.40 yakuwa 1.26 halisi, moli 0.0225, bado inazidi 0.0200. Shaba ni ileile 1.27, na asidi huondoa chuma na kutu pamoja.

Nikiri upungufu wa njia yangu: kutu ikiyeyuka kwenye asidi hutoa Fe3+ (chuma kilichopoteza elektroni tatu), na Fe3+ hula shaba (2Fe3+ + Cu → 2Fe2+ + Cu2+). Mafundi wa saketi za redio hutumia kloridi hiyohiyo ya chuma kuchonga vibao vyao vya shaba. Maadamu chuma bado kipo ndani ya bika, chenyewe huizuia. Kikiisha, hapana kizuizi. Kwa hiyo vipovu vikikata, mwaga asidi na osha papo hapo. Maji ya bika yakianza kurudi buluu, umechelewa, na shaba yako inapungua.

---

Pwani_Kemia

Kwa chuma chenye kutu umenishinda, bi. Kwa mkebe mpya ninabaki na msimamo wangu.

Mwalimu, nyongeza kuhusu maji ya chumvi kwa kuwa utafika huko. Ukija kwenye alumini, mambo yanageuka. Karatasi ya alumini kwenye mrututu wa maji yaliyotoneshwa hukaa muda mrefu kama haijui kitu, kwa sababu ngozi ya oksidi imeifunika. Tia chumvi ya jikoni ncha ya kijiko, kloridi huitoboa ile ngozi, na bika linachemka. Wanafunzi wanaotumia maji ya kisima hupata matokeo, wenzao wa maji safi hawapati, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui.

Hesabu yake ndiyo inayoangusha wengi kwenye mtihani, maana si moja kwa moja tena:

2Al + 3CuSO4 → Al2(SO4)3 + 3Cu

Alumini 0.54 g ni moli 0.02. Yataka mrututu moli 0.03, sawa na 7.49 g za fuwele, na shaba ni 0.03 × 63.5 = 1.91 g. Anayesahau 2 na 3 huandika 1.27. Lakini kwa mizani usitegemee 1.91, maana sehemu ya alumini hupotea kwa kutoa haidrojeni, vile vipovu vinavyoonekana. Alumini itumie kwa hesabu ya ubaoni na kwa macho, si kwa kupima.

---

MezaYaMaabara

Tumerudia kwa vipimo vyangu vya kwanza, 1.40 na 5.00, maji ya betri, asidi, spiriti. Sumaku haivuti kitu. Vikundi: 1.28, 1.26, 1.38, 1.21. Kinachotarajiwa ni 1.27. Wa tatu na wa nne nao?

---

Chujio

1.28 na 1.26 ziandike hivyo hivyo, usizisafishe ziwe 1.27.

Wa tatu, 1.38: kwanza mwambie akaushe tena. Ziada ya 0.11 g ni maji au spiriti iliyonaswa kwenye karatasi, hasa karatasi ikikunjwa mara nne na kukauka nje tu. Aifungue. Ikigoma kushuka baada ya kupimwa mara mbili, aangalie rangi: ikiwa ya kahawia iliyofifia badala ya wekundu wa shaba, kuna oksidi. Na aulizwe karatasi ilipimwa lini. Karatasi iliyopimwa haijakaushwa huvuta unyevu wa hewa, na hapo kosa linaweza kwenda pande zote mbili.

Wa nne, 1.21: 0.06 g imepotea, na karibu kila mara imepotea wakati wa kumwaga. Shaba laini haitulii haraka. Sekunde thelathini za subira hazitoshi, mpe dakika mbili au tatu. Atazame maji aliyoyamwaga, kama bado anayo: wekundu ukiwa chini ya chombo, ndio huo. Kama maji ya asidi aliyomwaga yalikuwa na buluu, basi ni lile jambo la bi Ummu la Fe3+. Na kama maji ya mwanzo, yale ya kabla ya asidi, bado yalikuwa na buluu, hakukoroga vya kutosha.

Maji yote yaliyobaki, hasa yenye buluu, msiyamwage kwenye mtaro unaoteremka mkononi mwa bahari. Mrututu unaua samaki hata ukiwa kidogo. Yakusanyeni kwenye ndoo ya plastiki, mtupe humo misumari mibovu, muache siku mbili tatu mpaka buluu iishe. Shaba itakayoganda juu ya misumari ikwanguliwe. Ni hesabu ileile, 56 kwa 63.5.